Mashine Isiyo na Waya, Chumba Kisicho na Paa

Mume wangu ni mtu mpole, na upole wake ndio uliotuponza. Mtu mkali angemwita fundi asubuhi, paa likapigiliwa misumari, jioni tukala bukari, ule ugali wetu, yakaisha. Yeye alichukua simu yake, akaingia katika duka lisilo na mlango wala muuzaji, akakuta mashine ya kutoboa na kukaza skrubu, ya betri, isiyo na waya, bei imekatwa katikati. Juu ya picha kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika chache, harakisha. Saa hiyo niliitazama mimi mwenyewe. Ikifika mwisho inaanza upya. Lakini mume wangu aliiamini kuliko kengele ya parokia.

Mashine hiyo haikununuliwa kwa sababu ya mashine. Ilinunuliwa kwa sababu ya mama yangu, na hapo ndipo kilio changu kilipo.

Mimi ni Mnande wa Kivu Kaskazini. Kwetu mtoto anazaliwa akiuza. Mama yangu alikuwa na depo ya maharagwe na mafuta ya mawese mjini Goma, na alijulikana na madereva wa malori kwa ulimi wake. Mwaka ule mji ulipoanguka, depo ilivunjwa, ikabebwa gunia kwa gunia. Benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafungwa, na barabara zote zikawa za watu wenye bunduki. Kwenye televisheni wakubwa walisema hali iko mikononi mwao. Mama hakungoja kuiona mikono hiyo. Alizunguka Uganda, Tanzania, Zambia, basi juu ya basi, na magoti yake yale mabovu, hadi mpakani Kasumbalesa, nilikompokea akiwa na mfuko mmoja na thermosi. Alipita nchi tatu ili atoke nchi moja aingie nchi ileile.

Baba alikwisha kufa zamani. Ndugu zangu walitawanyika, huyu Kampala, yule Beni. Nilitaka mama akae kwangu, na sikusema wiki wala mwezi. Akae tu, nimsikie akifoka asubuhi jikoni. Hicho ndicho kitu kimoja nilichokitaka mwaka ule mbovu.

Shida ilikuwa moja, nayo nilikuwa nimeolewa nayo. Mume wangu ni Mluba wa kaskazini ya Katanga, Mkatoliki, mjukuu wa mtu aliyekuja Lubumbashi pamoja na reli. Kwao mama mkwe wanamwita bukwe, na wanamwogopa kuliko askofu. Mwanamume haketi chumba kimoja na bukwe, hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, hasemi naye ana kwa ana. Akikutana naye njiani anamwachia njia. Kwetu nako heshima ya wakwe ipo, ila sisi ni watu wa biashara, na heshima tunaipunguza kidogo gari likiwa linangoja. Mama yangu lakini aliamua kuishika mila ya mkwe wake kuliko mwenye mila. Wakawa wanashindana.

Miaka yote ya ndoa yetu jambo hilo lilikuwa rahisi, kwa sababu kati yao kulikuwa na nusu ya Kongo nzima. Sasa wakajikuta, pamoja na mimi na watoto wetu, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, nyumba ya kambi ya reli hapa Lubumbashi ambayo mume wangu aliachiwa na babu yake. Na kana kwamba Mungu anapenda mzaha, kampuni ya madini alikofanya kazi ikasimamisha kazi, ikarudisha watu makwao wangoje simu. Mume wangu akawa nyumbani kutwa kucha, na simu hiyo haikulia.

Basi tukaanza kuishi kwa kikohozi. Akitaka kuingia, anakohoa mlangoni. Mama akiwa sebuleni anakohoa kumjibu, maana yake ngoja kwanza nijivute chumbani. Jirani mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa huruma kama tumekwenda kupima kifua kikuu. Mume alikula kwenye baraza ya jikoni, sahani magotini. Mama akitaka kwenda bafuni, mimi natangulia kufungua njia kama polisi wa barabarani. Na mazungumzo yao yote yalipita kwangu, hata walipotenganishwa na pazia tu.

"Mwambie mukwe yangu aksanti kwa mukate," mama anasema.

Nageukia pazia, namwambia pazia kwamba anashukuru. Pazia linajibu nimwambie Mama kwamba si kitu. Watu wawili waliopendana, na hapo sitanii, walipendana kweli, waliishi kama watu wanaodaiana.

Aliyekuwa nje wakati wote ni mume wangu. Mama ana magoti mabovu, hawezi kushinda kwenye ngazi za mlangoni, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye aliyeshinda uani kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti, kwenye baridi ile ya kiangazi ya Lubumbashi inayoingia hadi kwenye meno. Mama alimwona kupitia dirisha. Haikumpendeza. Kila siku aliniuliza kama mkwe wake hana kiti kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ndipo mume akaamua kujenga chumba uani, chumba cha mama, chenye mlango wake na kufuli yake. Kuta alizijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, na lazima niseme zilisimama. Mbao akaziweka. Mabati yakaletwa, yakaegemezwa ukutani. Kikabaki kitu kidogo tu, kuyapandisha na kuyafunga.

Hapo ndipo simu ikaingia kati. Mtu asiye na kazi na mwenye simu ni kama kuku aliyeachiwa ghala. Alikuwa ameona video ya Mzungu mmoja mwenye glavu safi, anakaza skrubu kwenye mbao huku anatabasamu, bila jasho hata tone. Tangu siku hiyo nyundo ikawa kitu cha washamba. Alinieleza kwamba paa la misumari linang'oka upepo ukija, bali la skrubu zenye raba halitikisiki. Hapo huenda alisema kweli. Akanieleza pia kwamba mashine lazima iwe ya betri, kwa sababu umeme wa mtaa wetu unakuja siku unayojisikia.

Nikamuuliza hiyo betri yenyewe itakula nini kama si umeme. Akasema tutaipeleka kwenye kibanda cha wanaochaji simu. Alikuwa na jibu kwa kila swali, kasoro kitu chenyewe hakuwa nacho. Akaagiza mashine ya skrubu, na msumeno wa aina hiyohiyo juu yake, kwa kuwa ukichukua viwili bei inashuka zaidi. Kisha akanituma nimwambie Mama kwamba chumba chake kitakuwa na paa la skrubu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kununua gunia bila kutumbukiza mkono hadi katikati, kwa sababu maharagwe mazuri watu huyaweka juu. Aliuliza jambo moja tu: huyo muuzaji anakaa wapi? Mimi sikujua. Nikauliza pazia. Pazia halikujua. Mama akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Kifurushi kilifika kwa ndege. Mume alikwenda kukichukua mjini, kwa mama mmoja anayepokea mizigo ya watu nyuma ya mabenki, ofisi iliyojaa masanduku na wanawake wanaosubiri nywele zao za bandia. Alirudi kwa teksi, sanduku mapajani kama mtoto anayetoka kubatizwa. Majirani wakaja kuona. Sanduku likafunguliwa, na kweli mashine ilikuwa nzuri, kijani, nzito, inashikika. Msumeno nao mzuri. Ila chini ya mpini, pale betri inapoingia, palikuwa na shimo. Alipekua karatasi, akapekua plastiki za mapovu, akaligeuza sanduku akalipigapiga. Hakuna betri. Hakuna chaja. Kwenye picha vyote vilikuwapo.

Alirudi mjini siku hiyohiyo. Yule mama wa mizigo alimweleza taratibu, kama mtu anayerudia maneno hayo kila siku, kwamba bei ile ilikuwa ya mwili wa mashine tu, ndiyo maana ilikatwa. Tena betri za namna hiyo hazipandi ndege hovyo, zinaweza kuwaka moto, ndege zinazobeba mizigo yake zinazikataa. Betri zinaagizwa peke yake, zinakuja kwa meli hadi Dar es Salaam, halafu lori. Lini? Lori likifika.

Nilicheka hadi nikaketi chini. Nikamwambia ameuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi asiye na miguu. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Juma zima tulisemezana kwa methali kama washenga wawili, na mabati yakabaki chini.

Akaagiza betri pamoja na chaja. Hizo nazo zilikuwa za promosioni, na saa yake ileile inayokimbia.

Akiwa anangoja, akasikia kuna tajiri mmoja wa mtaa wa Karavia ambaye mtunza bustani wake anakatia ua kwa mashine ya betri. Akavaa suti ya misa, akaenda kuazima. Alirudi na betri imefungwa kwenye leso. Ilikuwa ya njano. Aliisukuma kwenye lile shimo, akaigeuza, akaipaka mafuta ya kupikia, akaisukuma tena. Haikuingia. Ilikuwa na nguvu, ilikuwa na moto wake wote ndani, lakini ni ya kampuni nyingine. Siku hiyo nilijifunza kwamba hata betri zina makabila, na kwamba haziozeshani. Sisi wawili angalau tuliozeshwa, Mnande na Mluba, na tazama nyumba yetu ilivyokuwa inakoholeana.

Seremala wa mtaa wa nyuma, anayetengeneza vitanda na majeneza, alikuja mwenyewe. Alisimama akatazama kuta, akatazama mabati, akasema nyundo anayo na kesho kabla ya saa sita kazi itakuwa imekwisha. Nilitaka kumbusu. Mume wangu akamshukuru kwa adabu, akamsindikiza hadi kwenye lango.

Nilipomuuliza ana akili gani, yule mpole alinijibu kwa sauti ambayo sikuwa ninaijua.

"Nyumba ya bukwe, muntu mwingine hapige musumari mule. Ni miye njo najenga."

Nikamwambia basi jenga, nyundo si hii hapa? Akasema haiwezekani. Alikwisha kumtumia Mama neno kwamba paa litakuwa la skrubu. Mtu hamwahidi bukwe skrubu halafu akampa misumari. Itaonekana kwamba amemshusha.

Nikafunga safari hadi kwa dada yake mkubwa, ambaye ndiye anashika mila za ukoo, nikamweleza yote. Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Akasema mila inasema mkono wa mkwe ndio ujenge, na kwamba kuhusu mashine mila haikusikia habari yoyote. Nilirudi na hukumu hiyo kama mtu aliyeshinda kesi. Mume akanisikiliza, kisha akasema dada yake hajaona ile video.

Nilikuwa na hasira, na sitaipamba. Hasira yangu kubwa ilikuwa kwa wale waliobeba depo ya mama yangu, na kwa wakubwa wa televisheni, na kwa kampuni iliyomrudisha mume wangu nyumbani bila hata neno la pole. Lakini hao wote hawakuwa uani kwangu. Aliyekuwa uani ni yeye, kwenye kiti chake cha plastiki, anapangusa kwa kitambaa mashine isiyowaka. Mchagua jembe si mkulima, nilimwambia. Akaipangusa zaidi.

Oktoba ikafika na joto lake. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Zambia na kutawanyika tena. Mama, ambaye maisha yake yote aliangalia mawingu kwa sababu ya magunia, aliniita akaketi nami kitandani. Akasema siku ya mvua ya kwanza atakwenda Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Kuna mwanamke wa kwetu anauza maharagwe pale na anatafuta mwenzake. Nilimwomba, nililia, nilimkumbusha magoti yake. Hakunieleza sababu. Alisema tu kwamba mvua haina baraza.

Nilimpelekea mume ujumbe huo bila kulainisha neno. Mvua ikinyesha kabla ya paa, mama yangu anaondoka. Tangu hapo alikwenda kwa yule mama wa mizigo kila asubuhi, na kila asubuhi aliambiwa lori liko kwenye foleni ya mpakani. Nilichukua nyundo nikaiweka juu ya kiti chake. Aliiinua, akaiweka chini vizuri, akaketi.

Mvua ilikuja mchana, watoto wakiwa shuleni. Ilianza kwa upepo uliobeba vumbi lote jekundu la mtaa, kisha matone makubwa, kisha ikamwagika yote. Mimi na mama tulikuwa sebuleni. Baraza ya jikoni ilikuwa inapigwa na mvua ya ubavu, na nilimsikia mume anakuja mbio, nikashukuru Mungu, nikajua sasa ataingia. Akafika mlangoni. Akakohoa.

Mama akashika mkono wa kiti ili ainuke ampishe, na magoti yakakataa. Akajaribu tena. Mume alisikia kiti kinavyolia. Ili asimsumbue, akageuka akarudi kwenye mvua. Akaingia katika kile chumba kisicho na paa, akasimama kwenye kona, akajifunika bati moja kichwani, na sanduku la mashine ameliingiza ndani ya koti lisilowe.

Mama alimtazama kupitia dirisha. Aliyasema maneno yake kwangu, kama desturi ilivyotaka, lakini kwa sauti ya depo, sauti ya kuita lori, ili yavuke mvua.

"Vita ilinitosha mu nyumba yangu. Mimi sitatosha mutu mu nyumba yake." Kwetu kumtosha mtu ni kumtoa nje.

Nilifungua mlango nikapiga ukelele, nikamwita mume kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo silifanyi. Akaja, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama jikoni anachuruzika, uso ameuelekeza ukutani. Lakini mama alikuwa amekwisha kuanza kukunja vitenge vyake.

Kesho yake nilimsindikiza hadi kwenye magari ya Kasenga. Mume alibeba mfuko hadi kwenye lango, akauweka chini, akageukia upande wa pili mpaka bukwe wake apite. Mama naye alipita ameinamisha kichwa. Waliagana hivyo, kwa migongo. Mimi nililia barabarani mbele ya makondakta, na sikujali.

Betri zilifika mwezi huohuo. Zilikuwa za kijani, akazichaji kibandani. Ziliingia kwenye shimo lile kwa mlio mdogo mtamu, na mume wangu akafunga paa zima kati ya chai na chakula cha mchana, majirani wamesimama wanatazama kama mpira. Skrubu zilinyooka mstari. Seremala wa mtaa wa nyuma alikuja, akapanda ngazi, akashuka akasema ni kazi safi. Nikampigia mama simu kumwambia chumba kiko tayari. Akasema amefurahi sana, nimpongeze mkwe wake, lakini biashara imeshaanza kutembea, na gunia likishafunguliwa haliachwi.

Mume wangu akasema atakwenda mwenyewe Kasomeno. Mimi nilikuwa na meza yangu sokoni, sikuweza kuiacha, na kusema kweli nilipata tumaini. Nilijua mtu akimwona mkwe wake ametoka Lubumbashi hadi kwenye barabara ile kumfuata, moyo utalegea. Alipakia mashine, betri zote mbili, skrubu zilizobaki na bati moja la ziada. Sikumuuliza vya nini.

Alirudi siku ya pili. Sikuwahi kumwona na uso mkunjufu kama ule tangu kampuni imrudishe nyumbani. Alinieleza kwamba alimkuta Mama amepanga chumba kando ya barabara, paa limetoboka kama chujio, karai limewekwa kwenye miguu ya kitanda. Alimsalimu kupitia yule mwanamke mwenzake, akaomba ngazi, akapanda. Mama aliketi nje amempa mgongo, akimwelekeza kupitia mwenzake, tundu la juu ya kitanda kwanza, sasa la pembeni. Alifanya kazi asubuhi nzima. Alipomaliza, Mama alimtumia kuku mzima, akala peke yake nyuma ya lori.

Nilingoja amalize. Nikamuuliza, na yeye? Anakuja lini?

"Sasa pale hapavuye hata tone," akasema. "Iko bien kabisa. Mama hana tena sababu ya kurudia huku."

Alisema kama mtu anayeleta habari njema, kisha akasimama pale, mashine mkononi, akingoja nimshukuru.